Miguu Isiguse Chini

Yacaré Chico, Salto
9 Machi 1997

Kwa dada yangu Nélida,

Pokea salamu za mdogo wako ambaye bado yu hai, ingawa kwa kimya chake ungekuwa na haki ya kuanza kumshonea sanda. Mimi mzima. Joto la Salto halijapungua, machungwa bado mabichi, na mbu wa huku wameshanizoea kama ndugu. Vipi mguu wa jirani yako Chola? Vipi kuku? Najua bado unashona mpaka macho yanakuwa mekundu na bado hutaki kuvaa miwani mbele za watu.

Sasa kaa chini, na pasi uiweke mbali.

Nilipokuandikia kwamba nimepata kazi kwenye mabwawa ya maji moto, uliniuliza kazi gani, nikajibu kufagia. Ni kweli nafagia. Lakini tangu Januari najifunza jambo jingine pia. Najifunza kukanda watu ndani ya maji.

Usicheke kwanza. Kuna bwawa dogo lenye paa, maji yanafika kifuani, na joto lake ni la mwili wenyewe, huwezi kujua ngozi inaishia wapi na maji yanaanzia wapi. Mtu analala chali juu ya maji. Wewe unampakata, kichwa chake kwenye kiwiko chako, mkono wako mwingine chini ya kiuno. Unamzungusha polepole, unamkanda shingo, unamvuta bega, unamnyoosha mgongo, na maji yanafanya nusu ya kazi. Hakuna anayesema neno. Mtu anaingia amekunja ngumi, anatoka hakumbuki viatu aliviacha wapi.

Mwalimu wetu ni mama mmoja anaitwa Trudi, wa wale Waswisi wa Nueva Helvecia wanaotengeneza jibini. Ana mikono ya mkamua ng'ombe na sauti ya padri. Siku moja mzee mmoja alizirai bwawani, mimi nikatupa ufagio nikamtoa. Trudi akaja kuniuliza nimejifunza wapi kumbeba mtu bila kumshtua. Nikamwambia ukweli: kwa kondoo. Wewe unajua, lakini yeye ilibidi nimweleze. Ukimfunga kondoo kamba ili umkate manyoya, atapigana na kamba mpaka jioni. Ukimkalisha kwa matako, mgongo wake kwenye magoti yako, miguu yote minne hewani, analegea mwenyewe kama mlevi. Cha muhimu ni kimoja, miguu isiguse chini. Akigusa ardhi hata kwa kwato moja, anakumbuka kwamba anaweza kukimbia. Trudi alicheka, akasema binadamu naye ni hivyohivyo, nianze Jumatatu.

Nimeanza, na nimeshatia aibu. Wiki iliyopita nilimkanda mke wa hakimu mmoja kutoka Paysandú. Kazi ilikwenda vizuri mno, mama wa watu akawa na uso wa mtoto mchanga. Nilipomaliza nikamsimamisha taratibu kama tulivyofundishwa, na hapo mkono wangu wa kulia ukafanya kile ulichokizoea maisha yote. Nilimpiga kofi la makalio nikasema, "Haya toka, aje mwingine."

Mumewe alikuwa amesimama ukingoni, chupa ya chai kwapani. Yule mama alicheka mpaka akameza maji. Mume hakucheka. Sasa Trudi ananilazimisha kushika sponji kwa mkono wa kulia kila nikikaribia kumaliza.

Hili ndilo lililonifanya niandike. Mwezi wa Agosti tuna mtihani. Kila mwanafunzi alete ndugu yake wa damu ambaye hajawahi kukandwa majini. Trudi anasema mgeni anakuamini kwa sababu hakujui, ndugu anakujua, ndiyo maana ni mgumu. Nikifaulu napata kazi ya kudumu hapa. Nikishindwa, Septemba narudi kwenye kikosi cha wakata manyoya. Na ndugu wa damu ninaye mmoja tu. Njoo, Dada.

Mdogo wako,
Milton


Tacuarembó
3 Aprili 1997

Milton,

Nimesoma barua yako mara mbili. Mara ya pili niliisoma kwa sauti mbele ya Chola, akacheka mpaka akasahau kuchechemea. Anakusalimu na anauliza kama unampiga kofi kila mteja au mpaka awe mke wa hakimu.

Huku hatujambo. Mvua imenyesha mfululizo, kwa hiyo, kama desturi ya siku za mvua, tumekaanga maandazi mfululizo, na nguo zangu zote zinanuka mafuta. Kabla ya sherehe za wapanda farasi nilishona suruali nyingi mno. Kila mwanamume wa wilaya hii anataka suruali pana ya kupandia farasi, na kila mmoja anadai tumbo lake halijaongezeka. Kuku mwekundu amekufa. Usisikitike, alikuwa mchokozi.

Sasa jibu. Siji.

Nina miaka sitini na moja. Tangu nizaliwe hakuna aliyeyaona magoti yangu ila marehemu Olegario, na yeye nilimzimia taa. Nguo ya kuogelea sina na sitaki. Nikiondoka nani atalisha kuku? Mbwa hali chakula cha mkono mwingine. Binti wa Chola anaolewa na gauni bado halina mikono. Na kuna hili pia, ambalo ndilo kubwa kuliko gauni: mama alipofariki wewe ukiwa bado wa kunyonya, nani alikulea? Sikukulea ili uje unikoroge bwawani kama uji. Katika familia hii mimi ndiye ninayebeba watu, sibebwi. Mwambie huyo Mswisi wako kwamba ndugu yako amekufa, akupe rambirambi na cheti pamoja.

Vaa soksi. Salto hudanganya, baridi yake huja ghafla.

Nélida


Yacaré Chico
27 Aprili 1997

Dada mpendwa marehemu,

Salamu ziende huko uliko peponi. Nilimwambia Trudi kwamba umekufa kama ulivyoagiza. Akaniuliza imekuwaje marehemu analamba stempu. Alikuwa ameiona bahasha.

Mimi mzima, soksi nimevaa. Machungwa yameanza kugeuka rangi, na asubuhi mvuke unapanda juu ya mabwawa mpaka huoni ng'ambo, unasikia tu watu wakibishana habari za mpira. Kuhusu magoti nikuondoe wasiwasi. Hapa kila mtu anayo na hakuna anayeyatazama. Watu wanaingia bwawani na chupa ya chai kwapani na kibuyu cha kuinywea mkononi, maji kifuani, wanapokezana mrija wa kuifyonzea kama wako jikoni kwao. Jana niliona mama mmoja amekaa majini anamenya viazi.

Mke wa hakimu amerudi. Alifika mapokezi akaomba akandwe na yule wa kofi. Mumewe safari hii alikaa ndani ya gari.

Mtihani una sehemu mbili. Ya kwanza ni wewe. Ya pili inanihusu mwenyewe, tuiache.

Nami nina swali. Chola aliniandikia kadi ya Pasaka, na katikati ya salamu akasema taa ya chumba chako cha cherehani haizimwi usiku. Unashona nini usiku kucha, Dada? Usiniambie gauni. Gauni hata liwe la malkia lina mwisho.

Milton wako


Yacaré Chico
8 Juni 1997

Dada Nélida,

Hujambo? Nimeuliza posta kama barua yangu ya Aprili ilifika Tacuarembó, yule binti akaniambia barua zote zimefika, zisizofika ni majibu. Nimejisikia vibaya kuliko mtu aliyetukanwa.

Kama nilikukosea kwa swali lile, nitukane, lakini niandikie. Baridi imeingia. Miwani nakununulia mimi.

Milton


Tacuarembó
21 Juni 1997

Mdogo wangu Milton,

Salamu kwanza, ili usiseme dada yako hana adabu. Binti wa Chola ameolewa. Gauni lilipata mikono, bwana harusi alipata homa, mama mkwe alilia kwa sauti ya kuitia ng'ombe. Tulikula nyama choma mpaka mbwa wakakataa mifupa. Hayo ndiyo mazuri.

Hukunikosea. Swali lako lilinikuta mahali pabaya, basi.

Sishoni usiku, nakaa tu. Tangu Olegario afariki, na sasa inakwenda mwaka wa nne, kile kitanda kimekuwa kikubwa mno na sikitaki. Nalala kwenye kiti cha cherehani, kichwa nimekiegemeza ukutani, usingizi wa mlinzi anayeogopa kufukuzwa kazi. Nikisinzia nashtuka. Shingo yangu haigeuki, mabega yamekuwa ubao. Daktari alinipa vidonge, nikampa Chola, sasa analala yeye.

Wala siogopi maji, Milton. Na hayo magoti nilikuwa nakutania. Ninachokiogopa ni kulegea. Siku ya mazishi nilipika, nikapokea watu, nikaosha vyombo, sikutoa chozi. Kila mtu akasema Nélida ni jiwe, nami nikaona heri, nikabaki jiwe. Sasa wewe unanitaka nije nilegee mikononi mwako mbele ya Waswisi na mahakimu. Nitalia. Na nikianza sijui kama nitanyamaza. Nimekuambia wewe tu, Chola hajui.

Nami nina swali langu. Sehemu ya pili ya mtihani ni nini? Uliiruka kama mtu anayeruka dimbwi kwa viatu vipya. Nakujua. Ukisema "tuiache", ndiko kulikooza.

Dada yako


Yacaré Chico
6 Julai 1997

Dada,

Nimeisoma barua yako nikatoa machozi, halafu nikakasirika kwamba hukuniambia miaka yote hii, halafu nikala machungwa mpaka tumbo likaniuma. Sasa niko sawa, nimekaa na kibuyu changu, nje barafu imeganda kwenye nyasi na ndani ya mabwawa wastaafu wanaimba. Ukitaka kujua furaha ni nini, njoo uwaone wastaafu wenye kofia za sufu kichwani na miili tupu majini.

Umenishika pabaya nami nakujibu. Sehemu ya pili ni kwamba mkandaji naye apakatwe. Trudi anamlaza juu ya maji, anamkanda, na mwanafunzi anatakiwa alegee mpaka mwisho. Anasema asiyeweza kutoa uzito wake hawezi kupokea wa mwenzake.

Mimi siwezi. Kumpakata mtu naweza, hata mke wa hakimu atatoa ushahidi. Lakini nikishikwa mimi, kichwa kinalegea, mikono inalegea, halafu miguu inashuka yenyewe kutafuta sakafu. Siiamrishi. Trudi amejaribu, wenzangu wamejaribu kwa zamu. Mmoja alinifunga maboya ya watoto vifundoni, yale yenye picha za bata. Miguu ikashuka pamoja na bata. Bwawa zima lilicheka, nami nilicheka, kisha nikaenda nyuma ya chumba cha mitambo nikakaa peke yangu. Kinyozi hajinyoi, Dada.

Na kuhusu kurudi kwenye manyoya, hapo sikusema yote. Kikosini niliwaaga nikidai nimechoka kula nyama ya kondoo. Sivyo. Mgongo wangu umekwisha. Daktari alisema msimu mmoja tu zaidi na nitatembea nimeinama nikiangalia viatu vyangu mpaka kaburini. Lakini kazi nyingine siijui, na mtu lazima ale. Ndiyo maana mtihani huu unanikosesha raha.

Kwa hiyo usije kwa ajili yangu, maana hata ukija huenda nikashindwa. Njoo kwa ajili ya mabega yako. Na ukilia, utakuwa tayari umelowa kuanzia utosini. Nani atajua?

Milton


Tacuarembó
19 Julai 1997

Milton,

Nakuja. Usiandike tena mpaka unione, nisije nikabadili mawazo.

Chola atalisha kuku. Mbwa amejua, tangu nitoe sanduku ananuna chini ya meza. Nguo ya kuogelea nimeshona mwenyewe kwa mabaki ya zile suruali za wapanda farasi, mikono inafika kiwikoni, miguu inafunika magoti na kubana kwa mpira, na nimeweka mfuko wa leso. Chola ameitazama kwa muda mrefu akaniuliza naenda kuoga au vitani. Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Mimi nitayavalia, na kuyaoga nitayaoga.

Uliniambia mgongo wako umekwisha katika barua moja na bata wa maboya. Tutaongea.

Nélida


Yacaré Chico
28 Agosti 1997

Dada yangu,

Natumaini basi halikukutesa na kuku wamekupokea kwa heshima. Mimi mzima, na zaidi ya mzima. Nimepewa shati jeupe lenye jina langu kifuani. Nimelivaa mpaka kwa mwoka mikate, naye akaniuliza nimekuwa daktari lini. Sikumkatalia haraka.

Lakini nina jambo linaloniwasha. Nimefaulu, na sijui nimefaulu vipi. Sehemu yako naikumbuka, na nani ataisahau? Yangu naikumbuka mwanzo tu. Trudi ananishika, miguu inashuka. Ananishika tena, inashuka tena. Nikajua yamekwisha, nikafumba macho nisione nyuso za watu. Baada ya hapo hakuna kitu. Nilipozinduka nilikuwa mikononi mwa Trudi, wenzangu wamekaa ukingoni, Trudi macho mekundu, na wewe umeshavaa koti na kitambaa, unauliza habari za basi. Hukutaka hata kunywa chai.

Nimewauliza wote. Wanacheka tu. Trudi anasema muulize dada yako. Basi nakuuliza.

Milton


Tacuarembó
7 Septemba 1997

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka nyumba isiyo na kitasa. Nitakueleza.

Nilirudi usiku wa Jumapili, nikala mkate na jibini ya Trudi, nikasema nijinyooshe kidogo kitandani kabla ya kwenda kwenye kiti. Kitandani, Milton. Nilipofumbua macho jua lilikuwa limejaa chumbani, na mbele yangu walikuwepo Chola, mwuza maziwa, polisi mmoja kijana na padri. Chola aligonga tangu asubuhi, akaona taa imezimwa, jambo ambalo hajaliona kwa miaka, akajua nimekufa. Polisi akavunja kitasa. Padri alikuwa ameshafungua kitabu. Nikawauliza kama kuna anayetaka chai. Mwuza maziwa ndiye peke yake aliyekubali, wengine walikuwa wanatafuta mahali pa kukaa.

Tangu siku hiyo nalala. Shingo inageuka pande zote mbili, nimegundua jirani wa kushoto alishapaka rangi ukuta wake. Mtaa mzima unataka kuja huko. Padri anauliza kama mnapokea mapadri.

Sasa sehemu yangu kwanza, maana uliiona kwa nje tu. Ile nguo nilipoingia majini ilijaa hewa, suruali ikaumuka kama andazi, nikaanza kuelea kabla hujanigusa. Niliona uso wako ukijizuia. Hicho ndicho kilichoniharibu. Nilikuwa nimejikaza kwa ajili ya kilio, ngome yote nimeijenga upande huo, na kilichokuja ni kicheko kutoka upande nisioulinda. Ulikuwa umeshika kichwa changu na mimi natikisika mwili mzima. Mlinzi wa bwawa alicheka, wastaafu wakacheka, Trudi akageukia ukutani. Nilijaribu kunyamaza kwa kukumbuka mambo ya huzuni, nikamkumbuka Olegario, na yeye akanijia akiwa amevaa ile kofia yake ya kipumbavu, nikazidi. Halafu kicheko kikaisha chenyewe. Ukanizungusha. Sikio moja lilikuwa majini na nilisikia moyo wangu ukigonga polepole, kama mtu asiye na haraka. Nililia kidogo, Milton. Hukujua, na ndivyo ulivyoniahidi. Machozi hayakuwa mengi kama nilivyoogopa. Na mwishoni niliuona mkono wako wa kulia ukipanda, nikakutolea jicho, ukashuka. Asante.

Kisha ukaja wewe.

Mimi nilibaki kwenye kona ya bwawa, nguo yangu imeshanyonya maji imekuwa nzito siwezi hata kupanda ngazi. Kwa hiyo niliona kila kitu. Trudi alikushika vizuri, yule mama anajua kazi yake, sina la kumlaumu. Lakini alikushika kama mtu mzima. Miguu ikashuka. Mara ya pili ikashuka tena, na nilikuona ukifumba macho na midomo yako ikifanya kile inachofanya tangu utotoni unapokataa kulia. Hapo sikufikiri. Nilitembea majini na zile suruali zangu, nikamwambia Trudi, "Mama, nipe huyu."

Akanitazama. Akakuachia mikononi mwangu.

Wewe hukumbuki na huwezi kukumbuka, ulikuwa hujaota jino. Mama alipofariki, wanawake wa jirani walinifundisha mambo mengi, lakini kukuogesha nilijifunza mwenyewe, kwenye beseni la bati, nikiwa na miaka kumi na miwili na woga wa kukuzamisha. Kichwa chako nilikilaza kwenye kiganja cha kushoto. Kwa kidole gumba niliziba sikio moja, kwa kidole cha mwisho jingine, maji yasiingie. Mkono wa kulia chini ya makalio. Ukilia, nilikupulizia utosini. Basi. Sijui kama ndivyo inavyofundishwa. Kichwa chako siku hizi ni kikubwa na kina upara, vidole vyangu vilifika kwa shida. Lakini vilifika, nikapuliza.

Ulivuta pumzi moja ndefu. Miguu yako, ile miguu ya kikaidi iliyotembea nchi nzima nyuma ya kondoo, ikapanda juu ya maji yenyewe, vidole vikatokeza. Mgongo wako ukanyooka mkononi mwangu, nikausikia mfupa baada ya mfupa. Ukafungua mdomo, ukaanza kukoroma. Mwenzako mmoja alitaka kucheka, mke wa hakimu akamfinya. Ndiyo, alikuwepo, na mumewe pia. Mume ndiye aliyekuwa anafuta macho.

Baadaye nilikurudisha kwa Trudi ukiwa bado unakoroma, wenzako wakanivuta ngazini nikavaa, nawe ulipoamka ukaona nahangaika na basi. Basi lilikuwa la jioni, Milton. Nilitoka mapema kwa sababu sikutaka uniulize chochote nikiwa na uso ule. Leo naweza kuusema ule uso ulikuwa wa nini. Nilidhani mikono yangu imebaki ya kushona tu, na kwamba hakuna tena mtu duniani wa kubebwa nayo.

Trudi alikuja taratibu karibu yangu, akaninong'oneza kwamba imetosha, kijana amefaulu, naweza kumwamsha sasa. Nikamwambia aende akanywe chai yake, mimi bado ninaye.

Dada yako akupendaye,
Nélida